Viraka Mahali Pasipochakaa

Jory Tregear hakuigundua siku aliyoacha kusema "merikebu yenu" akaanza kusema "merikebu yetu". Jambo hilo lilimshangaza baadaye, kwa sababu alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo. Angeweza kupita chini ya tanga lenye urefu wa pima kumi na kukuambia kwamba mshono wa tatu kutoka ukingoni ulishonwa na mtu mwenye haraka. Lakini neno lilibadilika kinywani mwake mwenyewe, naye hakuliona. Wenzake waliliona. Walinyamaza tu, kama watu wanaomwona mwenzao amevaa fulana nje ndani na kuamua kumwacha.

Alikuwa amechukuliwa mwezi wa Februari kutoka meli moja ya biashara ya Fowey, bandari ya Uingereza. Maharamia walipoikamata hawakugusa kwanza pete za nahodha wala sanduku lake. Walichukua turubai, kamba, kasha la dawa, kisha wakauliza nani ndani ya meli hiyo ni mshona matanga. Nahodha wake wa zamani, mtu mwenye huruma, aliruhusiwa kuandika barua kabla ya kuachiwa. Iliandikwa mbele ya mashahidi wawili kwamba Jory Tregear, mwana wa mshona matanga wa Fowey, alichukuliwa kwa nguvu, huku akilia. Jory hakulia, lakini nahodha aliona machozi yangemsaidia mbele ya hakimu.

Barua hiyo, iliyofungwa ndani ya kitambaa kilichopakwa mafuta, ilining'inia kifuani mwake mchana na usiku. Ili isipoteze nguvu, alijiwekea masharti matatu. Hakutia sahihi kwenye mkataba wa maharamia, ambao majina yaliandikwa kwa duara, ili hakimu asiweze kusema nani alitangulia. Hakupokea fungu la mali iliyotekwa. Hakushika silaha. Sharti la nne hakulitamka, ila alilifuata kwa uangalifu kuliko yote: kila alipozungumza, tanga lilikuwa lenu, safari ilikuwa yenu, na dhambi pia. Siku ambapo meli ya mfalme ingewakamata, wao wangenyongwa, naye angeifungua barua, arudi Fowey, kwenye karakana ya baba yake yenye harufu ya lami na kitani.

Merikebu yenyewe iliitwa Shangazi Mpole. Ilikuwa na mlingoti mmoja, mizinga minane, na jina ambalo hakuna mlinzi wa bandari aliyeliogopa.

Mwezi wa Septemba waliilaza ubavu kwenye ufuo wa Nassau, wakaanza kuikwangua tumbo. Chaza na majani ya baharini vilikuwa vimeota huko chini kiasi kwamba ilikuwa ikitembea kama mtu aliyefungwa mawe miguuni. Nusu ya watu walikwangua na kupaka lami na mafuta ya mnyama, nusu nyingine wakauza. Mitumbwi na mashua vilikuja tangu asubuhi. Aliyeheshimika kuliko wachuuzi wote alikuwa mjane wa Harbour Island, Thankful Pinder, ambaye kila haramia alimwita Mama Pinder, hata wale waliomzidi umri. Alileta ndimu, vitunguu, tumbaku, na kasa wawili waliofungwa mapezi. Yeye alitaka nguo.

Aliyebishana naye alikuwa Quamino, mgawaji wa merikebu. Cheo hicho kilipatikana kwa kura. Mgawaji ndiye aliyegawa kila kitu, kuanzia biskuti hadi dhahabu, na isipokuwa wakati wa kufukuza au kupigana, neno lake lilizidi la nahodha. Quamino alizaliwa Pwani ya Dhahabu, akauzwa Jamaika, akajinunua mwenyewe kwa miguu yake usiku mmoja wa mvua. Alikuwa na sauti ya chini na uvumilivu mkubwa, vitu viwili ambavyo havikumfaa chochote mbele ya Mama Pinder.

"Hariri hii ya Kihindi, mama, malkia angeililia."

"Basi mpelekee malkia. Mimi nina vitunguu."

Wanaume walicheka, maana hawakuwa wameonja kitunguu tangu Juni. Hariri ikaenda. Mama Pinder alipoweka mkono juu ya robota la turubai, hata hivyo, Jory alisimama ghafla, shazia, ile sindano yake kubwa ya kushonea, ikiwa bado mdomoni.

"Hilo haliuzwi," alisema.

"Mwache fundi, mama," alisema Phineas Gedge, mlinzi wa mlingotini, kijana wa maneno mengi ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kumpatia bastola tatu. Kwa desturi ya merikebu, aliyeliona tanga la mawindo kwanza alichagua bastola bora kuliko zote zilizotekwa. "Ukimuuza mamaye atakusamehe. Ukigusa turubai anauma."

Mama Pinder akamtazama Jory kwa kupendezwa, akamuuliza merikebu itakaa ufukweni hadi lini.

"Tutaingia majini keshokutwa," alijibu Jory, akarudi kwenye mshono wake.

Quamino, aliyekuwa akinusa tumbaku, aliinua macho, akamtazama kidogo, kisha akaendelea kunusa.

Kabla hajaondoka, mjane aliuza kitu kimoja zaidi, nacho kilikuwa habari. Wavuvi wa kasa walikuwa wameiona meli ya Kidachi, ya Uholanzi, mashariki ya kisiwa cha Eleuthera, imedidimia kwa uzito wa shehena, inajikokota. Matanga yake, walisema, yalikuwa viraka vitupu kama shuka la maskini. Kwa maneno hayo alijipatia jora lingine la hariri, na jioni ile ile watu wa Shangazi Mpole walikusanyika ufukweni kupiga kura. Mikono ilipanda yote pamoja. Jory, kama kawaida yake, hakuinua wake; alikuwa anatia uzi kwenye shazia.

Waliiona siku ya nne, saa tatu asubuhi.

"Tanga!" alipaza sauti Gedge kutoka juu. Kisha, kabla hata ya kusema upande gani, akaongeza kwamba bastola ni yake na mtu asijisumbue.

Merikebu ikawa kama mzinga wa nyuki. Mizinga ilifunikwa kwa ngozi za ng'ombe, bendera ya Kidachi ikapandishwa ili windo lidhani limekutana na ndugu, na watu sita wenye ndevu wakavaa kofia za wanawake, wakasimama ubavuni kama abiria waungwana. Mmoja wao alijipepea kwa kipepeo. Nahodha Elias Sprackling, mtu mfupi ambaye siku nyingine zote aliomba ruhusa ya kila kitu, alipanda tezi, nyuma ya merikebu, akiwa na uso mwingine kabisa. Huu ulikuwa wakati wa kufukuza. Sasa neno lake lilikuwa moja na halikujadiliwa.

Upepo ulikuwa mzuri. Tumbo lililokwanguliwa lilipita majini kama kisu kwenye siagi, na watu wakaanza kucheka bila sababu, jinsi watu wanavyocheka wanapokwenda kasi. Jory mwenyewe, ameketi katikati ya deki na tanga la akiba mapajani, aliisikia mbio ile chini ya miguu yake, na moyo nao ukamwenda mbio. Aliamini kwamba alikuwa anayasikiliza tu matanga.

Gedge aliteremka kamba kwa kamba, akamtupia darubini.

"Hebu waone maskini wa Mungu, fundi. Labda utawaonea huruma uwashonee."

Jory akaiweka jichoni kwa utani. Meli ilikuwa kubwa, nzito, yenye rangi ya udongo. Matanga yake yalijaa viraka, kama walivyosema wavuvi. Alitabasamu. Kisha tabasamu likakoma.

Tanga lina tabia zake. Huchakaa kwenye kingo, kwenye pembe ambako kamba inavuta, na mahali linapojisugua na mlingoti. Katikati, pale upepo unapolijaza na kuliachia, halisuguliwi na kitu. Mshona matanga anaweza kuishi hadi uzee wake asitie kiraka kimoja pale. Viraka vya meli ile vilikuwa vyote katikati. Vilikuwa vya mraba, vinalingana, vimepangwa kwa nafasi sawa kama vifungo vya koti. Tena, matanga mazee hulegea na kuwa na kitambi, ilhali haya yalikuwa yamenyooka kama meza. Akashusha darubini majini. Nyuma ya meli ile ya pole pole, povu lilikuwa pana kupita kiasi. Kitu kilikuwa kinaburutwa chini ya maji ili kuipunguza mwendo.

Mtu aliyevishona viraka vile hakuwa na tundu la kuziba. Alitaka vionekane kutoka mbali, na wavuvi wa kasa wavisimulie.

Jory alielewa yote kwa mara moja. Ilikuwa meli ya mfalme, na chini ya deki yake walikuwamo askari waliolala kifudifudi wakingoja. Shangazi Mpole angefika ubavuni ndani ya saa moja. Ndani ya saa mbili, afisa fulani mwenye sauti ya nyumbani angeikunjua barua na kusoma kwamba Jory Tregear alichukuliwa kwa nguvu, huku akilia. Krismasi ingemkuta Fowey. Alichotakiwa kufanya ni kuirudisha darubini, aseme ndiyo, maskini kweli, na kuendelea kushona. Hakuna ambaye angejua. Barua ilikuwa imelala juu ya kifua chake, ina joto.

Akawatazama wale sita waliovaa kofia. Mwenye kipepeo alikuwa anamfundisha jirani yake namna ya kupiga goti.

"Nahodha," alisema Jory, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Ile ni meli ya mfalme. Geuza. Watatunyonga."

Kelele zikakatika. Gedge ndiye aliyecheka kwanza.

"Watatunyonga? Wewe utanyongwa kwa lipi, na barua yako kifuani? Fundi wa matanga, usitulete kwenye matanga."

"Umejuaje?" aliuliza Sprackling.

"Viraka viko mahali pasipochakaa."

Nahodha aliichukua darubini, akatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa wazi kwamba haoni kitu isipokuwa viraka. Wakati wa kufukuza hakuna kura, na Jory alimwona mtu yule mfupi akiubeba uamuzi wote peke yake, kama mtu anayebeba pipa kifuani.

"Una hakika, Tregear?"

"Kwa binadamu naweza kukosea. Kwa tanga, hapana."

Sprackling akamgeukia mshika usukani, akamwamuru aelekeze omo, pua ya merikebu, kusini, kwenye maji ya kina kifupi.

Shangazi Mpole alikuwa hajamaliza kugeuka pale Mdachi alipoacha kuwa Mdachi. Kamba mbili zilikatwa nyuma yake, mapipa yaliyokuwa yakiburutwa yakaibuka na kuelea. Bendera ikashuka, nyingine ikapanda. Matanga mapya, meupe, yasiyo na kiraka, yakafunguka juu ya yale yenye viraka, na kwenye ubavu wa rangi ya udongo yakafunguka madirisha ya mizinga, kumi na mawili upande mmoja. Mwenye kipepeo alihesabu kwa sauti, akavua kofia yake, akaitupa baharini.

Sasa mbio ziligeuka. Mbele yao bahari ilianza kubadilika rangi, kutoka buluu nzito hadi kijani, kutoka kijani hadi rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Huko mchanga ulikuwa karibu. Shangazi Mpole alihitaji pima moja na nusu ya maji apite, na yule mkubwa nyuma alihitaji pima tatu. Kati yao na usalama ule kulikuwa na maili mbili. Quamino mwenyewe alisimama ubavuni na bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, akiitupa na kuivuta, akitaja kina kwa sauti yake ya chini ambayo sasa kila mtu aliisikia. Pima saba. Pima sita. Meli ya mfalme ilifyatua mara moja, tundu likafunguka majini kushoto kwao. Ikafyatua tena.

Kombora la pili lilipita kwenye tanga kuu. Halikuvunja kitu. Lilikata tu ukingo wa chini, urefu wa mkono mmoja, na watu wakashangilia. Jory hakushangilia. Aliuona mpasuko ule ukiwa hai, ukipanda uzi kwa uzi kila upepo ulipovuta. Ungefika juu kabla ya wao kufika mchangani.

Hakuagizwa na mtu. Alivaa kiganja chake cha ngozi cha kusukumia shazia, akaiuma shazia, akapanda juu ya boriti inayobeba tanga kwa chini. Boriti ilikuwa imening'inia nje juu ya maji, inatikisika. Alipofika kwenye mpasuko aligundua kwamba hawezi kushona na kujishikilia kwa wakati mmoja. Mkono ukamkamata mkanda kwa nyuma.

"Shona, mzee," alisema Gedge, amekaa boriti kama anayepanda farasi, uso wake mweupe kama biskuti. "Mimi nakushikilia suruali. Ikichanika, hiyo si juu yangu, uliishona mwenyewe."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Naogopa."

Jory alishona. Alivuta kingo mbili pamoja na kuzifunga kwa mishono mirefu ya mshazari, mibaya, mishono ambayo baba yake angeifumua kwa kisu mbele ya wanagenzi wote. Uzi ulimkata vidole. Mpasuko ulipanda, naye akapanda nao, ukamzidi kwa shubiri moja, akaufikia, akaweka fundo mbele yake kama mtu anayemfungia mwizi mlango. Ukasimama. Chini ya miguu yake maji yalikuwa meupe, na aliona kivuli cha merikebu kikikimbia juu ya mchanga. Aliisikia sauti ya Quamino: tatu. Mbili na nusu. Mbili. Moja na nusu.

Kisha sauti nyingine ikatoka chini ya merikebu, laini na ndefu, kama ya mtu anayevuta gunia sakafuni. Tumbo lilikuwa limegusa. Watu sitini na wanne walivuta pumzi kwa pamoja, kana kwamba wangeweza kuifanya merikebu iwe nyepesi. Ilisita. Haikuwa na chaza hata mmoja wa kushika mchanga. Ikateleza, ikapita.

Nyuma yao ile kubwa iligeuza omo kwa pupa, matanga yakipigapiga, na ikabaki kwenye ukingo wa maji ya buluu kama ng'ombe aliyefika kwenye ua. Ilifyatua mara mbili zaidi kwa hasira. Saa sita mchana ilikuwa nukta tu.

Walitia nanga mahali ambapo mtu angeweza kuhesabu kaa mchangani chini ya maji. Kasa wa mwisho alichinjwa, vitunguu vikakatwa, na ukazuka ubishi juu ya bastola. Hawakuwa wameteka kitu, kwa hiyo Quamino aliitoa iliyo bora kati ya zilizokuwapo, yenye mpini wa fedha, akaiweka juu ya pipa. Gedge alisimama akadai haki yake. Desturi inasema aliyeliona tanga kwanza, na kila mwenye masikio alimsikia akipaza sauti.

"Wewe uliliona tanga la Mdachi," alisema Quamino. "Yuko wapi Mdachi?"

Gedge akatazama baharini, kana kwamba angemwona bado.

"Aliyeliona tanga lililokuwapo," aliendelea mgawaji, "ni fundi."

Wakapiga kura, na mkono wa Gedge ulikuwa wa kwanza kupanda. Alisema kwamba hata hivyo bastola nne zingemwelemea. Macho yote yakamgeukia Jory, aliyekuwa akifunga vidole vyake kwa kitambaa. Jory hakuinuka. Kicheko kikapungua, kwa kuwa kila mmoja pale alijua masharti yake matatu. Quamino akaichukua bastola, akaja kuketi karibu naye.

Alizungumza bila haraka. Alisema Jory akiiacha hatalaumiwa, na kwamba meli yoyote ya biashara watakayoikamata baada ya hapo, ndogo au kubwa, itampakia yeye na barua yake hadi bandari anayotaka. Hilo aliliahidi kama mgawaji. Lilikuwa deni la merikebu nzima.

"Ila usiseme tena 'yenu', kaka," akamalizia. "Hapo utakuwa unadanganya."

"Nimesema 'watatunyonga' kwa sababu ya hofu. Ulimi uliteleza."

"Na kwa Mama Pinder? 'Tutaingia majini keshokutwa.' Pale ulimi uliteleza kwenye nini, ndimu?"

Jory akakaza kitambaa vidoleni. Akakumbuka ufuo, mkono wa mjane juu ya turubai, na hasira yake mwenyewe. Akarudi nyuma zaidi, Agosti, Julai, akilitafuta neno lile la kwanza, na hakulipata. Kila alipofikia, lilikuwa limekwisha kutangulia.

"Mimi lilinitoka nikiwa natapika," alisema Quamino. "Nilisema merikebu yetu hii inanuka. Wakanicheka siku tatu."

Jory aliifungua barua kwa mara ya kwanza tangu Februari. Wino ulikuwa mzima. Alisoma jina lake, jina la baba yake, jina la Fowey, na alipofika kwenye "huku akilia" alicheka, kisha akajifuta macho, na kwa mara ya kwanza maneno yale yakawa karibu na ukweli. Wakati wote huo Quamino aliyatazama maji.

Shazia hushika kutu upesi baharini, na karatasi iliyokaa ndani ya mafuta ni adimu. Jory aliikata barua vipande sita vinavyolingana, akaviringisha ndani yake shazia zake zote, ndogo hadi kubwa, akazirudisha kwenye kikasha chake. Kisha akaipokea bastola kwa mkono usiofaa, Gedge akamwonyesha unaofaa, na jioni akaandika jina lake mahali palipobaki wazi kwenye duara la mkataba. Hakuwahi kuifyatua bastola ile. Ilikuwa nzito vizuri, akaitumia kukandamiza turubai wakati wa kukata.

Tangu siku hiyo, kura zilipopigwa ndani ya Shangazi Mpole, ilihesabiwa mikono sitini na minne badala ya sitini na mitatu.